Mkono wa Kulia wa Fundi

Siku niliyoamua kuacha mafunzo ya ubingwa hakufa mtu. Nalisema hilo mapema kwa sababu kila anayesikia kwamba niliacha wodi hunitazama kwa huruma, akisubiri hadithi ya mtoto aliyenifia mikononi. Watoto walinifia, ndiyo, na wazee, na vijana waliokuwa na nguvu kuliko mimi, na kesho yake nilirudi kazini. Siku ile nilikuwa nimemwinamia mama mmoja kitandani, namsikiliza mapafu, mbele na nyuma, huku natikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Yule mama akaninong'oneza ili wenzake wasisikie: "Daktari, hujaviweka masikioni." Nikajigusa shingo. Kweli, vya masikioni vya stetoskopu vilikuwa vinaning'inia pale pale kolani, na mimi muda wote nilikuwa nasikiliza kelele za wodi. Nikacheka, naye akacheka, kisha nikaingia stoo ya mashuka nikalia mpaka sista akaja kutafuta foronya.

Nilikuwa nimechoka, sina neno jingine la kulipamba. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Huu ulikuwa umeniingia kwenye mifupa ukapanga chumba. Mwaka wa pili wa kusomea magonjwa ya ndani nilikuwa nasinzia nimesimama, nasahau kula, na nimeanza kuwakaripia wagonjwa kwa kosa la kuumwa. Hilo la mwisho ndilo lililonitisha.

Mwenzangu mmoja aliyekuwa amenitangulia kutoka ndiye aliyeniambia kwamba kuna kampuni ya uwekezaji inanunua hospitali, na inatafuta daktari. Nikamuuliza kazi yenyewe ni nini. Akasema, "Kukaa." Alijua anaongea na nani.

Mama yangu habari hiyo haikumkalia vizuri. Alinipigia simu jioni ile ile.

"Sasa hao wawekezaji wanaumwa nini?"

"Hawaumwi, mama. Wananunua hospitali."

"Na wewe unawasaidia nini?"

"Nawaangalizia ipi ni nzima na ipi ni mbovu."

"Kwa hiyo umetoka kupima watu, unapima majengo."

Nikamwambia ndiyo, iwe hivyo. Hakuniuliza tena, lakini mtaani hakumtangazia mtu. Majirani waliendelea kupewa simu yake waniongeleshe, na miguu yao iliyovimba, na vikohozi vyao vya tangu mwaka juzi, nami niliendelea kuwajibu maana ningewaambia nini.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya tisa: zulia la kijivu, baridi ya kukausha macho, na mashine ya kahawa iliyopiga kelele kuliko binadamu yeyote pale ndani. Bosi wetu tulimwita Mkubwa, ingawa alinifika begani tu na sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Kutwa alikunywa maji ya moto matupu. Ukiongea naye alikutazama mdomo, si macho, na ukimaliza alikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba ulijikuta unaongeza la kuongeza. Wenzangu waliniita Daktari, kwa fahari ya mtu anayekuonyesha saa mpya. Kitanda, neno nililolijua tangu chuo, pale lilikuwa na maana ya fedha inayoingia kwa siku. Nilizoea. Nilikuwa nalala usiku kucha kama watu wengine, mashavu yakarudi, nikagundua kwamba napenda kusoma magazeti. Anayetaka kunicheka kwa hilo na anicheke.

Utaratibu wa kampuni ulikuwa huu. Hospitali ikitaka kuuzwa, mhasibu wetu anakwenda kuangalia hesabu, mwanasheria anaangalia hati, na mimi naangalia watu: manesi wanafanyaje kazi, thieta ya upasuaji ni safi kiasi gani, daktari mwenye mali bado ana uwezo au anatafuta pa kutorokea. Kisha tunakaa mezani na Mkubwa anatuuliza mmoja mmoja. Mwezi mmoja kabla ya mkasa huu aliniuliza kuhusu daktari wa meno aliyekuwa anatuuzia kliniki zake. Nikajibu bila kufikiri, "Mzima kama ng'ombe, huyo atatuzika sote." Watu wakacheka, kliniki zikanunuliwa. Sikujua kwamba siku ile nilikuwa nimejiwekea mtego.

Safari hii hospitali ilikuwa ya Fundi.

Fundi ni daktari bingwa wa upasuaji, na jina hilo alipewa na manesi kwa sababu mshono wake ukipona unautafuta kwa kidole. Nilipokuwa nafanya mafunzo ya vitendo baada ya chuo, alikuwa anakuja hospitali yetu ya kufundishia mara moja kwa wiki, na mimi ni mmoja wa wale aliowasimamia. Alinifundisha kushona kwenye ngozi ya kuku. Alinifundisha pia kwamba mgonjwa huanza kupimwa akiwa bado mlangoni, kabla hajakaa, kabla hajaanza kukudanganya. Baadaye aliacha kuja, akabaki na hospitali yake ya ghorofa mbili aliyoijenga chumba kwa chumba pamoja na mkewe. Mkewe alikuwa nesi, na wote walimwita Mama Wodi.

"Anakujua," Mkubwa aliniambia. "Atakufungulia milango ambayo hatatufungulia sisi." Akanieleza mambo yalivyokaa. Watu walikuja pale kwa ajili ya Fundi. Akikubali kubaki anapasua kwa miaka mitano, kampuni itainunua hospitali nzima, na kila mfanyakazi atabaki na kazi yake. Asipoweza, bado jengo ni zuri na liko barabarani. Litafanywa kituo cha vipimo, mashine na mafundi wake wachache. "Kwa hiyo mimi nataka kujua jambo moja tu," akasema. "Mzee atafika?"

Nikaenda. Fundi alinipokea mwenyewe getini.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Kumbe huko wanalisha."

Tukacheka, akanitangulia kwenye korido. Ndipo nikauona mkono. Wa kushoto ulikuwa unakwenda na kurudi kama mkono wa mtu yeyote anayetembea. Wa kulia ulikuwa umetulia tu ubavuni, kama si wake. Hatua zilikuwa fupi. Alipofika kwenye kona aligeuka kwa vihatua vidogo vidogo, mwili mzima kwa pamoja. Nikajiambia mzee amechoka, mzee ana baridi yabisi. Nikajiambia mengi kwenye korido ile, wala haikuwa ndefu.

Alinizungusha kila mahali. Sakafu zilikuwa zinang'aa, vyandarua vimefungwa vizuri, manesi wananiamkia kwa majina ya zamani ya utani. Mmoja aliniambia ana watoto watatu shuleni na akaniomba niwaambie wakubwa wangu waje haraka, wamechoka kusubiri. Nikasema nitawaambia. Kisha tukaingia ofisini kwa Fundi, Mama Wodi akaleta chai. Kikombe changu alikiweka upande wa kulia, cha mumewe akakiweka kushoto, akatoka.

Fundi alikuwa ameuweka ule mkono juu ya paja. Kidole gumba kilikuwa kinasugua kidole cha shahada, polepole, bila kukoma, kama mtu anayeviringisha kidonge.

"Mbona unaniangalia mkono?" akauliza.

"Siangalii."

"Unaangalia. Aliyekufundisha kuangalia ni mimi." Akaunyanyua akaulaza mezani mbele yangu, kiganja juu. "Haya, pima. Au huko ghorofani wamekusahaulisha?"

Nilipaswa kunywa chai yangu. Nilikuwa mgeni wa biashara, nimekuja kuangalia dari na mabomba. Lakini kiburi kilinipanda, nacho ni kitu kibaya kwa mtu aliyefundishwa jambo akalifahamu. Nikavuta kiti upande wake, nikamshika kifundo cha mkono, nikamwambia legeza. Nikaukunja na kuukunjua. Ulikuwa unakwenda kwa vituo vituo, kama mlango wenye bawaba za kutu. Nikamwambia agonge kidole gumba na cha shahada, haraka haraka, upana wote. Vilianza vizuri vikafifia, vikaganda. Nikamwambia asimame, atembee mpaka mlangoni, ageuke. Alinitii kila kitu, mwanafunzi wa mwanafunzi wake, na nilipomtazama usoni niliona kile ambacho getini nilikidhania upole: uso ulikuwa umeanza kusahau kucheka. Ulikuwa ugonjwa wa kutetemeka, ule unaoanza mkono mmoja na kuuchukua mwili taratibu, ambao dawa huupunguza lakini hauponi.

"Fundi," nikasema, "umeshaonana na mtu?"

"Nimeonana. Mbali, ambako hawanijui. Dawa nimeanza mwaka jana." Akaketi. "Sasa niambie, Daktari. Hicho ulichokiona ni cha nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa.

"Cha mgonjwa," nikajibu.

"Na mgonjwa anasema kisitoke humu ndani."

"Umenifunga."

"Nimekufunga, mwanangu. Sikuwa na namna. Ungeondoka umeniangalia tu kwa macho, ungekuwa mtu wa kampuni aliyeona jambo. Sasa umenishika mkono, umenitembeza, umeniuliza historia. Wewe mwenyewe unajua tunakuitaje."

Nilikasirika, na nikamwambia nimekasirika. Nikamuuliza kama bado anapasua watu. Akanitazama kana kwamba nimemtukana mama yake.

"Sijashika kisu tangu nilipojua kwamba naumwa. Daktari wangu mdogo ndiye anayepasua. Mimi nasimama pembeni namwelekeza kwa mdomo, na mdomo hautetemeki. Anakaribia kuniweza. Nipe miaka miwili na hakuna atakayekumbuka kama mimi nilikuwa napasua. Lakini hao watu wako hawamnunui yeye, wananinunua mimi." Akanyamaza kupumzisha sauti, maana sauti nayo ilikuwa imepungua. "Wakijua, watachukua kuta. Hawa wote uliowasalimia watakwenda nyumbani."

"Kwa hiyo unataka nidanganye."

"Nataka unyamaze tu. Si ndiyo kazi yetu? Umebeba siri ngapi za watu kichwani humo?"

Niliondoka bila kumaliza chai. Mama Wodi alinisindikiza mpaka getini, akanishika mkono kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, na nikajua kwamba anajua.

Siku zile mpaka kikao sikuwa na raha. Nilikuwa nimeondoka wodini nikidhani nimeutua mzigo wa watu wengine, na sasa mmoja alikuwa ameupandisha tena begani mwangu kwa ujanja, tena mtu ninayempenda. Nikisema, nimemsaliti mgonjwa. Nikisema mzima, nimemwibia mwajiri. Nikaona njia imebaki moja, nayo niliiona safi kabisa: nitakataa kujibu. Nitasema afya ya mtu si jambo la mezani. Nilijisikia hata vizuri kidogo, nikapiga pasi blauzi.

Kikao kilikuwa asubuhi. Mhasibu akasema hesabu ni safi. Mwanasheria akasema hati ni safi. Mkubwa akanigeukia, nami nikaeleza habari za thieta, manesi, jenereta, usafi wa vyoo, kila kitu. Nilisifu mpaka mhasibu akaniuliza kama mimi ndiye ninayeuza. Watu wakacheka.

"Na mzee mwenyewe?" Mkubwa akauliza. "Atafika?"

"Afya ya mtu siwezi kuizungumzia hapa."

Alikuwa ananitazama mdomo kama kawaida yake. Akapandisha macho, kwa mara ya kwanza tangu anijue.

"Daktari wa meno ulimzungumzia."

Nikapanga upya karatasi zangu.

"Uliniambia mzima kama ng'ombe. Nilikuuliza swali hili hili, kiti hiki hiki. Leo huwezi?"

"Siwezi."

Akanyamaza, kimya chake kile cha kukufanya uongeze. Nilijikaza, sikuongeza hata herufi, na nikiwa pale nimejikaza, mdomo nimeubana, nikatambua kwamba mtu yeyote mwenye macho angenisoma kutoka ng'ambo ya barabara.

"Ahsante, Daktari," akasema, akanywa maji yake. "Tuendelee na mpango wa kituo cha vipimo."

Nilimfuata koridoni. Nilikuwa na hasira, na sijui ilikuwa ya nani.

"Sijasema kitu," nikamwambia. "Sijasema neno lolote juu ya yule mzee."

"Hujasema," akakubali, kwa upole kabisa. "Ungeniambia mzima ningekuamini, ningesaini leo. Huwezi kusema uongo, ndiyo maana tulikuajiri. Nenda ukapumzike, unaonekana umechoka."

Nilikwenda chooni nikakaa juu ya kifuniko. Maneno mawili tu yangetosha, *ni mzima*, na watu wote wa pale wangebaki kazini. Maneno hayo sikuyasema kwa sababu nilitaka mikono yangu ibaki safi. Nikampigia Fundi.

"Sikusema," nikamwambia.

"Lakini?"

"Lakini wamejua."

"Haya," akasema, akakata.

Ilibidi auze. Hakukuwa na mnunuzi mwingine karibu, na yeyote ambaye angekuja angeuliza kwa nini sisi tulibadili mawazo. Mkataba ulisainiwa pale pale hospitalini, kwenye chumba walichokuwa wanafanyia kikao cha asubuhi. Mkubwa alikuja mwenyewe, akampa Fundi mkono kwa heshima zote. Fundi aliposhika kalamu, sahihi ilianza kubwa, ya mtu mwenye mali, kisha herufi zikawa zinapungua, zinapungua, mpaka ya mwisho ikawa nukta. Mwanasheria wetu alifungua mdomo kumwomba arudie. Mkubwa akamkanyaga mguu chini ya meza, kisha akageuza uso kuangalia dirishani. Mama Wodi akamtoa mumewe kalamu vidoleni, akaifunga kifuniko, akairudisha mezani. Hakunisalimia siku ile, na sikumlaumu.

Nilitoka nje ya chumba kabla ya kupigwa picha. Wodi ya chini ilikuwa imeshaanza kuhamishwa, magodoro yamesimamishwa ukutani. Yule nesi mwenye watoto watatu alikuwa anafungasha mashuka. Aliniona, akaendelea kufungasha.

Nikasikia nyayo za kuburuta nyuma yangu. Sikuhitaji kugeuka.

"Kuna jambo hukulimaliza," Fundi akasema.

"Nisamehe, Fundi."

"Sijaja kwa hilo. Ulinipima, ukaondoka. Hukunipa tarehe ya kurudi."

Nilidhani ananitania. Nilimtazama usoni kutafuta utani, lakini uso ule sasa haukuwa unatoa chochote, ilibidi mtu asikilize maneno yenyewe.

"Una daktari wako kule."

"Kule ni mbali, na nilikwenda kwa kujificha. Sasa sina cha kuficha."

"Nitakutafutia bingwa hapa hapa, mzuri. Nitapiga simu leo."

"Mtafute, nitakwenda. Lakini nauliza wewe."

Huko getini dereva wa Mkubwa alipiga honi mara moja, kwa adabu. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutaka kukaa kwenye yale magodoro.

"Fundi, mimi si daktari tena."

"Acha maneno hayo," akasema. "Asiye daktari angewaambia mzee ni mzima, tukauza vizuri. Au angewaambia mgonjwa, akapandishwa cheo. Wewe ulikaa katikati umefunga mdomo, ukaniumiza mimi, ukajiumiza mwenyewe, na hakuna uliyemfaa. Nani mwingine anafanya hivyo? Umeniharibia mambo kwa udaktari wako, mwanangu. Usije ukaukana leo."

Nikalia, na safari hii hapakuwa na stoo ya kujificha. Yeye akasimama tu pale, mkono wa kulia unacheza ubavuni, akisubiri kama wagonjwa wanavyosubiri.

"Alhamisi," nikasema. "Nitakuja nyumbani kwako."

"Saa ngapi?"

"Saa yoyote unayotaka, Fundi. Mgonjwa ninaye mmoja tu."